Maneno Aliyobaki Nayo Mama Yako

Kemunto wangu,

Umeenda Kisii na shangazi yako kununua sweta nzito, na mvua ya alasiri imewakuta huko, kwa hiyo najua nina nafasi ya kuandika kabla hamjarudi. Nimefunga mlango wa mbele. Moto wa jikoni umezimika. Nimekaa mezani peke yangu, na nyumba inasikika vile itakavyosikika kuanzia kesho: bati linanguruma, saa ya ukutani inatembea, basi.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala kula vizuri, wala kuvaa soksi mbili. Shangazi yako amezisema zote na atazirudia ndani ya gari. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza wiki iliyopita tukichambua chinsaga, ambalo nililijibu vibaya.

Nilikuwa nimekuambia, "Huko Ujerumani usiache kuomba."

Hukuinua macho. Uliendelea kunyofoa majani ya mboga, kisha ukasema polepole, "Tata, tulimwombea mama. Kanisa zima lilimwombea. Kuna nini kilichojibiwa?"

Nikakujibu kama mtu aliyesimama mimbarini. Nikataja mapenzi ya Mungu, nikataja majira yake. Ukasema, "Sawa, Tata," ukabeba mboga ukaingia jikoni. Ile "sawa" yako haijanitoka. Ni sawa ya mtu aliyechoka kuongea nawe, na mimi naijua vizuri, kwa maana mama yako aliniambia hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo acha nikueleze yaliyotokea hapa Sironga ulipokuwa chuoni Eldoret. Mwanzo wake unaujua na mwisho wake unaujua. Katikati hukuwepo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundisha hadi nikastaafu. Kwa lugha yetu ya nyumbani nisingefika ukurasa wa pili.

Ulikua ukinijua kama mtu wa kuomba. Matanga yakitokea, harusi ikiwapo, wazee wakikaa kupatana mahari, ilikuwa lazima mtu aseme, "Mwalimu atuombee." Nilikuwa na sauti, na maneno hayakuniishia. Nilijua mahali pa kushusha sauti hadi akina mama waanze kulia, na mahali pa kuipandisha hadi waitikie. Nilidhani hiyo ndiyo karama. Pengine ilikuwa karama kweli, lakini niliipenda kuliko nilivyompenda yule niliyekuwa naongea naye.

Mama yako alitoka upande wa Ogembo, nyumba ya Wakatoliki. Hilo ulilijua, ila hatukuliongelea sana. Alipokubali kuolewa nami alikubali pia kuwa Msabato, akazamishwa mtoni akiwa na kanga mpya, na rozari yake akamwachia mdogo wake Moraa. Hakulalamika. Siku za mwanzo, jioni, tulikuwa tukipokezana kuomba, leo mimi, kesho yeye. Zamu yake ilipofika alikuwa akianza kwa maneno yake mwenyewe, anakwama, kisha bila kujua anaingia katika yale ya utotoni, haraka haraka, kama maji yanayopata mfereji wake. Siku moja nilimkatiza katikati. Nikamwambia, "Nyaboke, huko ni kukariri. Mtoto wa darasa la kwanza ndiye anayekariri. Ongea na Mungu kama mtu mzima."

Sikumfokea. Nilisema kwa upole wa mwalimu, na upole huo ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuupinga. Akasema, "Sawa." Jioni iliyofuata, zamu yake ilipofika, akaniambia, "Omba wewe, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye maneno." Tangu hapo niliomba mimi. Ulipozaliwa ulinikuta nikiomba mimi, na yeye akisema amina.

Kisha akaanguka kule kwenye chai. Hiyo sehemu unaijua: jirani aliona kikapu kimelala na majani yamemwagika, akaita watu. Tulimfikisha hospitali Kisii, wakasema ni kiharusi. Mkono wa kulia ukarudi kidogo kidogo, mguu ukarudi kwa kuburura. Maneno hayakurudi. Ulikuja likizo ukamkuta akikushika mashavu na kusema "hii, hii, hii," huku machozi yakimtoka, ukaenda nyuma ya zizi ukajificha ulie. Daktari aliniambia anaelewa kila kitu, ila njia ya kutolea maneno imeharibika. Pengine itafunguka, pengine isifunguke.

Ulipoondoka kurudi chuoni, tulibaki wawili. Kemunto, sikuwa nimejua kwamba unaweza kuishi na mtu chumba kimoja, mle pamoja, mlale pamoja, na uwe peke yako kiasi kile. Namwuliza, "Unataka uji?" Anasema, "Hii." Namletea uji, anausukuma. Namletea maji, anageuka ukutani. Nilianza kuongea kwa sauti kubwa kana kwamba ni kiziwi. Baadaye nikaacha kuongea. Tulisikiliza redio.

Niliomba. Usifikiri sikuomba. Kanisa lilitenga siku ya kufunga kwa ajili yake, na mimi mwenyewe niliingia kwenye migomba kila asubuhi nikamwambia Mungu, mfungue kinywa. Sikuomba kingine. Mfungue kinywa aseme.

Sabato moja baada ya ibada, wazee wa kanisa na akina mama walikuja nyumbani kumwona. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mama yako tulimkalisha pale karibu na dirisha, nikamfunika miguu kwa shuka. Waliimba wimbo mmoja, kisha mzee Makori, tuliyekuwa tukihudumu naye, akasema, "Mwalimu, tuombee."

Nikasimama. Nikaanza. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kwa kawaida sauti yangu hushuka, niliposikia sauti nyingine chumbani. Nyembamba, yenye kutetemeka kidogo, lakini kila neno limekamilika.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Nilifungua macho. Ni yeye. Macho yake yamefumbwa, mkono wa kushoto umeshika ule mbovu, na maneno yanatoka moja baada ya jingine, bila kukwama, sala nzima. Mtu aliyekuwa hawezi kusema "maji" alikuwa anaongea.

Mama mmoja akapiga kelele, "Ameongea! Bwana asifiwe!" Kisha wengine wakatambua kile kilichokuwa kinasemwa. Niliona jinsi furaha ilivyoanza usoni mwa watu na kusimama katikati. Mtu nyuma akanong'ona, "Hayo ni ya kwao kule." Makori akakohoa, akatazama chini. Na mama yako alikuwa amemaliza, akaanza tena toka mwanzo, kwa sauti yenye nguvu zaidi, uso umemng'aa kwa furaha ya kusikia sauti yake mwenyewe.

Nikamwekea mkono begani, nikaukaza. Nikasema, "Nyamaza, Mama Kemunto. Tunaomba."

Akafumbua macho akanitazama. Siwezi kukuandikia jinsi alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Kisha akafunga mdomo, na mimi nikamalizia ombi langu, na watu wakaitikia amina, wakanywa chai, wakaenda.

Nilikuwa naosha vikombe ndipo nikaelewa nilichofanya. Tuliomba afunguliwe kinywa. Kikafunguliwa mbele ya mashahidi. Mimi nikakifunga kwa mkono wangu.

Ukiuliza kuna nini kilichojibiwa, mwanangu, hapo ndipo inaponibidi nianzie.

Baada ya siku hiyo hakusema hata ile "hii". Alikula, alitembea hadi mlangoni, alikaa juani, lakini mdomo aliufunga. Nami nikagundua kwamba maneno yangu pia yamekauka. Nilikuwa nikiingia kwenye migomba, nikifungua mdomo, nasikia maneno yale yale niliyoyasema matanga yote, na yote yananirudia kama tangazo la mkutano wa wazazi. Nikawa nasimama tu pale, umande umenilowesha viatu, halafu narudi kukamua ng'ombe. Sijawahi kuwa na upweke kama ule. Hata baada ya kumzika sikuwa mpweke hivyo. Niliyekuwa nimezoea kuongea naye ndani ya nyumba alikuwa kimya, na niliyekuwa nimezoea kuongea naye juu alikuwa kimya, na ukimya wa wote wawili niliustahili.

Nikamwomba shangazi yako aje akae na mama yako, nikaenda Ogembo kwa Moraa.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Alishangaa, maana sikuwa mtu wa kwenda kwao bila jambo. Alidhani nimeleta habari ya kifo. Nikamwambia hapana. Nikakaa kwenye kigoda, nikazungukazunguka, mwisho nikasema, "Moraa, nifundishe zile sala zenu."

Akacheka. "Mwalimu, umekuja kuanza darasa la kwanza?"

"Nimekuja."

Akaniangalia vizuri, kicheko kikamwisha. Nikamweleza yote, pamoja na ule mkono wangu begani kwa dada yake. Hakunilaumu. Aliendelea kupukuchua, punje zinaanguka ndani ya beseni, kisha akaniambia jambo ambalo katika maisha yetu yote ya ndoa sikuwahi kuliuliza.

Mama yao alikufa wakiwa wadogo, hilo nilijua. Moraa alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yako alikuwa ameanza tu kwenda kwa katekista, ambaye alifundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wa huko hawakuwa wanaijua. Na wewe unajua kwamba kwetu "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Basi yule mtoto aliposikia watu wakisema "Baba yetu uliye mbinguni," alisikia kwa masikio ya kwetu. Alielewa kwamba wanaongea na mama yao aliye mbinguni. Akaishika ile sala kabla ya watoto wote. Kisha akafundishwa Salamu Maria, akaambiwa huyu naye ni mama, akaishika hiyo pia. Moraa alisema walikuwa wakilala kitanda kimoja, na dada yake alikuwa akimbembeleza kwa hizo sala mbili hadi apate usingizi.

"Alipokuja kuelewa Kiswahili," Moraa akasema, "alicheka sana. Lakini aliniambia, hata kama nilikosea, mtu alinisikia."

Nilikaa pale na kofia yangu magotini. Hayo ndiyo maneno niliyoyaita kukariri.

Moraa alinifundisha mchana ule. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilikuwa naruka vifungu na kubadilisha maneno yawe mazuri zaidi, na yeye ananirudisha. "Usiyapambe, shemeji. Yaseme tu." Tulipomaliza akaniletea ile rozari ya mama yako. Sikuichukua. Sikuwa tayari, na sitakudanganya kwamba nilikuwa. Hata leo sijawa Mkatoliki, na kuna mambo ambayo mimi na Moraa hatutakubaliana mpaka tuingie kaburini. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na maneno ya mke wangu mdomoni.

Jioni ile nilikaa karibu naye nikaanza na Baba Yetu, kwa kuwa hiyo ni yetu sote na haikunigharimu kitu. Hakugeuka. Kesho yake nikajaribu tena, hakugeuka. Alijua napita njia rahisi. Ndipo nikaanza ile nyingine. Nilifika katikati nikapotea. Nikarudi nyuma, nikapotea pale pale. Nikatukana kimoyomoyo. Na yeye, akiwa bado anatazama dirishani, akasema neno lililofuata.

Nikalirudia. Akasema la baada yake. Tukaenda hivyo, yeye mbele mimi nyuma, hadi mwisho. Kisha akanigeukia, akatikisa kichwa vile alivyokuwa akitikisa kichwa ulipomletea daftari lenye makosa, akanirudisha mwanzo.

Kuanzia hapo tuliongea, Kemunto. Siwezi kuiita kitu kingine. Hakuwa na maneno mengine zaidi ya hayo, basi aliyatumia kwa kila kitu. Nilijifunza kusikia. Akiyasema haraka, mkono unamuuma. Akiyavuta mwanzoni, ana njaa. Kuna siku ndama aliingia kwenye sukuma wiki akaanza kula, mama yako alimwona kutoka mlangoni akapaza sauti, "Salamu Maria!" kwa ukali hivi kwamba ndama mwenyewe aliruka ua. Tulicheka hadi akashika mbavu. Jioni tuliyasema pamoja, nami baada ya hapo nilikuwa nikinyamaza, yeye akikaa kimya pembeni yangu. Katika ukimya huo niliomba kuliko nilivyowahi kuomba nikiwa nimesimama mbele ya watu. Sikuomba apone. Nilikuwa nimesahau kuomba apone.

Watu walisikia. Nyumba zetu zimekaribiana, na mimi sikushusha sauti. Makori alikuja siku moja, mtu mwema, akiwa amebeba mkungu wa ndizi ili asije mikono mitupu. Akakaa, akasema, "Mwalimu, watu wanaongea."

Nikamwambia, "Waache waongee. Mwezi mzima humu ndani hakukuwa na anayeongea."

Akaniuliza kama ningependa kupumzika uzee wa kanisa kwa kipindi hiki cha ugonjwa. Alilisema kwa heshima. Nikakubali, na nilihisi uchungu, kwa maana nilikipenda kile kiti. Matanga ya pale jirani yalipotokea aliitwa mtu mwingine kuomba. Nilisimama nyuma na wengine, nikasema amina. Nikafikiri juu ya mama yako na miaka yake ya amina.

Usiku wala mchana hakuna sauti iliyoniambia kwamba nimesamehewa. Mama yako hakupona. Unajua alivyoondoka: asubuhi nilikuwa nimeenda kukamua, nikarudi na maziwa, nikamkuta. Sikuwa naye. Ningependa kukuambia kwamba tulikuwa tumeshikana mikono tukiomba, lakini nilikuwa zizini nikigombana na ng'ombe. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Jana yake jioni tulikuwa tumesema yale maneno, akalala.

Hilo ndilo jibu nililo nalo, na ni dogo. Niliomba mke wangu aseme; nilipewa maneno yake ya kwanza kabisa, yale aliyoyasema kabla hajanijua, na nusura niyakatae. Sikupewa maisha yake. Lakini hakufa akiwa na mgeni nyumbani. Miaka yote ile ya ndoa, pamoja na maombi yangu marefu, alikuwa ameishi na mgeni, nami sikujua. Kama maombi yana nguvu, mimi niliiona nguvu hiyo ikinifanyia kazi mimi, si yeye. Ilinishusha hadi nikafika alipokuwa.

Sasa unaenda. Sikulaumu. Kazi ya kuhudumia wazee ni kazi ya heshima, na miongoni mwao utakutana na wengine ambao maneno yamewatoka. Ukiingia chumbani na kumkuta mmoja wao ananung'unika kitu usichokielewa, usiharakishe kumwambia anyamaze. Kaa kidogo.

Na kuhusu wewe mwenyewe: sitakuuliza kwenye simu kama umeomba. Nimeona kwamba tukifumba macho jioni, yako huwa wazi. Niliona kwa sababu yangu pia yalikuwa wazi. Usinidanganyie maombi ili nilale vizuri. Ukikosa la kumwambia Mungu, kosa mbele zake, keti tu. Kama una hasira naye juu ya mama yako, mpe hasira hiyo, ni mali yake. Kitu ninachoogopa ni kimoja: usije ukawa peke yako huko, katika chumba chenye joto la kununua, ukadhani kwamba mtu asiye na maneno mazuri hana wa kumsikiliza. Mimi ndiye niliyemfundisha mama yako hivyo, na nisingependa wewe urithi hilo.

Nitakuwa mpweke. Naliandika wazi, usije ukalisikia kwa shangazi yako. Nitapika sufuria ndogo. Nitasikiliza redio. Jioni nitakaa pale karibu na dirisha, na nitasema sala yake, ambayo si yangu, kwa sababu ni mahali ambapo bado tunakutana. Na baada yake nitanyamaza.

Mvua imepungua, na nasikia watu wakiongea barabarani, huenda ni ninyi. Barua hii nitaiweka kati ya nguo zako. Isome ukishafika, usiisome hapa.

Kesho asubuhi majirani watajaa uani kukuaga. Makori atakuwepo, na najua ataniambia, kwa mara ya kwanza tangu wakati ule, "Mwalimu, tuombee." Nitasimama. Watasubiri ile sauti waliyoizoea. Wakisubiri sana na mimi nisiseme neno, pengine utainua macho kwa wasiwasi, au utaona aibu kwa ajili yangu. Nitakuwa nataja jina lako.

Ninayebaki nyumbani,
Tata